Safu ya Hali

Desemba, shule imefungwa,
mwalimu mkuu kaniachia kitabu cha hesabu ya vifaa
na funguo tatu, mmoja haufungui chochote.
Bika za kioo: arobaini na moja, tano zina nyufa.
Taa za spiriti: sita.
Fuvu la ng'ombe: moja, meno yamepungua.
Safu ya mwisho imeandikwa Hali.
Nzima, mbovu, imepotea. Chagua.

Chini ya kabati, ndani ya mkebe wa Kimbo,
nimekikuta kile kikombe cha jiwe.
Karatasi yake imeliwa na mende ikabaki "sifongo",
na chini yake, mwandiko wa Mwalimu Ambunya:
"Bahari ya kale. Ukoo mzima umekwisha."

Hakikuzaliwa Kakamega.
Jiwe la hapa ni la moto na dhahabu,
bahari haikuwahi kufika kutusalimia.
Mtu wa ng'ambo alikituma kwa posta,
kikafika na stempu ya ndege nisiyemjua.

Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa,
Ambunya alipokipitisha mkono kwa mkono.
"Hiki ni kisukuku," alisema,
na darasa zima likamgeukia Shikuku wa dawati la nyuma.
Tangu siku ile hatukumwita jina lingine.
Lakini ni yeye aliyenyoosha kidole:
"Mwalimu, kama ukoo wote umekwisha,
majina yao anapewa nani?"
Ambunya akaufuta ubao.
Ubao ulikuwa safi.

Hakikuwa na mdomo.
Hakikuwa na moyo, wala jicho, wala upande wa mbele.
Kilikuwa tundu na tundu na tundu,
maji yakiingia ubavuni, yakitokea juu,
na kula kwake kulikuwa kupitiwa.
Mifupa: sindano za kioo nyembamba kuliko unywele.
Nchi kavu haikuwa na jani hata moja
la kudondoka.

Jioni nilikibeba hadi Ilesi, sikuomba ruhusa.
Mama yangu, Rasoa, vidole vimempinda
kwa udongo wa miaka hamsini.
Alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza
kama anavyosikiliza chungu kilichotoka motoni.
"Kimeiva," akasema.
"Ila aliyekifinyanga hakutaka kipike.
Alitaka kivuje."

Akanionyesha kwa kidevu mtungi wake mlangoni, unatoka jasho.
Mtungi usiovuja hata kidogo, maji yake hayapoi.
Ndoo ya plastiki haitoki jasho,
na ndoo ndiyo inayonunuliwa.
Nyumba nne zilifinyanga kwenye mteremko huu. Imebaki yake.
Vidole vyangu mimi vinajua kuosha bika.
Hakulisema hilo.
Alikiweka kikombe kando ya mtungi,
vikakaa kama mashemeji wasiozoeana.

Shikuku aliingia shimo la dhahabu kule Rosterman
mwaka ule wa mvua nyingi. Shimo likajifunga.
Dada yake Trufosa akajifungua mwezi uliofuata,
na sasa jina liko darasa la tatu,
linachelewa kila asubuhi,
viatu limevaa kushoto kulia.

Leo nimerudi maabarani.
Nimekiosha kikombe bombani, vumbi jekundu likatoka
(la kwetu hilo, si la bahari),
na tone moja lililobaki ukingoni
nililiona likisita, likatafuta,
likaingia.
Nilikigeuza kusubiri litokee chini.
Nilisubiri hadi kengele ya mlinzi.

Fuvu: moja. Taa: sita.
Sifongo ya jiwe: moja.
Nzima, hapana. Mbovu, hapana.
Imepotea, nayo nimeishika mkononi?
Nimeandika kwa penseli,
mwalimu mkuu akitaka atafuta:

ina kiu.